Makoti ya Mfuko wa Sayansi

Iko nchi moja iitwayo Jamhuri ya Tumeridhika. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, si kwa sababu haipo, bali kwa sababu kamati ya kuchora ramani ingali inajadili rangi ya mpaka. Ni nchi ya watu wema, viongozi wao hawalali kwa kuwafikiria, na wakilala hulala vikaoni, karibu na kazi.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo lipo jengo la vioo, ghorofa tisa, liitwalo Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi. Watu hufupisha wakasema Mfuko. Kazi yake ni nyepesi kuieleza: Serikali hutoa fedha, watafiti huomba, wasomaji wa Mfuko husoma maombi, na ombi zuri hupewa fedha. Chumba cha wasomaji kilikuwa chini kabisa, nyuma ya stoo ya mapazia. Humo alikaa Dakta Sikudhani Kitojo, mtaalamu wa mimea, msomaji wa mwisho aliyebaki.

Kila siku saa nne asubuhi alichemsha chai ya tangawizi, akamimina kikombe kimoja, akakaa. Meza ilikuwa na viti vitatu. Kimoja chake. Cha pili kilitundikwa koti la kahawia la Profesa Ngatunga, lililotoboka kiwiko. Cha tatu kilikuwa na koti jeusi la Dakta Mwinyikai. Profesa Ngatunga alikuwa ameshafariki. Dakta Mwinyikai alipata kazi ng'ambo, akaahidi kuandika barua, akaandika moja.

Enzi zao, chai ya saa nne haikuwa chai, ilikuwa vita. Kila mmoja alikuja na ombi alilolisoma, akalitetea, na wenzake wakalichambua mpaka likabaki mifupa. Desturi ilikuwa hii: anayeshindwa hoja ndiye anayeosha vikombe. Profesa Ngatunga aliosha kwa kununa, akivigonga vikombe kwenye sinki mpaka vishikio vinang'oka. Mwinyikai aliosha akiimba kaswida. Sikudhani aliosha kwa nadra, na alikuwa na kiburi chake kwa hilo.

Siku hizi aliosha kila siku, kikombe kile kile kimoja, bila kushindwa na mtu. Wakati mwingine alisimama pale sinkini maji yakimwagika bure, akajisikia mpweke. Kisha alifunga bomba, kwa sababu maji ni ya Serikali.

*

Mfuko haukuzaliwa na vioo. Ulianza katika ghala la zamani la pamba, paa la bati, na mvua ikinyesha watu walipiga kelele ili wasikilizane. Walikuwepo wasomaji chumba kizima, mhasibu mmoja, dereva mmoja na mama wa chai. Katika kila shilingi mia, tisini zilikwenda kwa watafiti, na kumi zilibaki za sukari na wino. Matokeo yake yalikuwa ya kutia aibu: watafiti walikuwa wanafanya utafiti.

Ndipo akaja Mtendaji Mkuu aliyesomea uongozi. Akauliza: hizi fedha zinazotoka, nani anazifuatilia? Ikaundwa Kurugenzi ya Ufuatiliaji. Aliyemfuata naye akauliza: na hawa wafuatiliaji, nani anawafuatilia? Ikaundwa Kurugenzi ya Kuwafuatilia Wafuatiliaji. Kisha ikaonekana kwamba wakurugenzi hao wawili wakikutana kwenye ngazi hawajui nani aanze kusalimia, ikaundwa Idara ya Itifaki. Idara ya Itifaki haiwezi kufanya kazi bila keki, ikaundwa Idara ya Keki.

Sasa mishahara haioti kama uyoga. Ilibidi mtu apunguzwe. Walipowatazama watumishi wote, waliona ni wasomaji peke yao waliokuwa wakikaa kutwa nzima bila kuonekana wanafanya kitu. Walikuwa wanasoma. Wakapunguzwa wawili, mwaka mwingine watatu, na aliyestaafu au kufa nafasi yake haikujazwa.

Kila Siku ya Sayansi, Mtendaji Mkuu wa zamu aliwaonyesha wananchi mchoro wenye mstari mwekundu unaopanda, na wananchi wakapiga vigelegele. Mstari ule ulikuwa wa idadi ya watumishi. Mstari wa fedha za watafiti nao ulikuwepo, tusiwasingizie watu. Ulichorwa kwa wino mweupe juu ya karatasi nyeupe, ili usiwachanganye wageni.

Mwisho akaja huyu wa sasa, Mheshimiwa Balozi Profesa Mhandisi Lutufyo Kasembe, na yeye ndiye baba wa Waraka wa Makoti. Waziri alifika Mfukoni siku moja bila taarifa. Akakuta ghorofa nzima haina mtu, ila kila kiti kina koti. Kila alipouliza mwenye kiti yuko wapi, mlinzi alijibu, "Yupo, mheshimiwa. Koti lake si hilo hapo?"

Waziri akaanza kukunja uso. Balozi hakutetereka. "Mheshimiwa Waziri," alisema, "wahenga walituachia kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Basi, kwa mantiki ya kisayansi, lake likiwapo, naye yupo."

Waziri alifurahi mno, maana naye alikuwa ameacha koti wizarani. Wiki haikuisha waraka ukatoka: mtumishi ambaye koti lake liko kitini anahesabiwa yupo kazini, kwa mshahara, kwa posho, na kwa akidi, yaani ile idadi ya watu inayotosha kupitisha jambo kikaoni. Koti likitakiwa kusaini, kifungo chake kigongwe kwenye wino. Ikaundwa Kurugenzi ya Makoti, yenye wapiga pasi, wapiga brashi na mkaguzi mkuu wa vifungo. Mwaka huo mstari mwekundu ulitoka nje ya karatasi, ikabidi ibandikwe karatasi ya pili juu yake. Koti haliumwi, haliombi likizo, wala halistaafu.

*

Masika yalikuwa yanakaribia alipobisha hodi Mwalimu Hamfrey Chilewa, kutoka Lukwengo. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mrefu, mwembamba, viatu vimejaa vumbi la safari, na mkononi alishika kiroba.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja tena! Karibu, kaa. Hapana, siyo hicho, hicho kina mtu."

Mwalimu alilitazama koti la kahawia, akahamia kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akatoa muhogo kirobani, akaukata katikati kwa kisu cha mfukoni. Ndani ulikuwa mweupe pe. Sikudhani aliinama akaunusa, akaugusa kwa kidole.

Huko Lukwengo mihogo ilikuwa inaoza ardhini. Mtu anapalilia mwaka mzima, anachimba, anakuta mizizi ya kahawia inayonuka. Lakini nyuma ya shule ya Mwalimu Chilewa yalikuwepo mashina machache yaliyogoma kuoza, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Yangali hai?" aliuliza Sikudhani.

"Yapo, ila mbuzi wanayamaliza. Mimi nina vipindi darasani, Dakta, siwezi kushinda shambani na fimbo. Naomba seng'enge, pande zote nne, na bomba la maji. Basi. Mbuzi wakiyatafuna haya hatuna mbegu nyingine, na watu kwetu sasa wanapika pumba."

"Ombi lako nimelisoma mwaka jana."

"Na mwaka juzi."

"Na mwaka juzi," alikubali Sikudhani, na uso ukamwiva kwa aibu isiyokuwa yake. Sheria ya Mfuko, iliyobaki tangu enzi za ghala la pamba, ilisema ombi lolote lipitishwe na wasomaji watatu, wakae meza moja, wabishane, wakubaliane. Yeye alikuwa mmoja. "Mwalimu, kunywa chai kwanza."

"Nashukuru, Dakta, lakini basi la kurudi linaondoka sasa hivi. Likiniacha nalala stendi."

Akaondoka. Sikudhani alibaki na kikombe cha pili alichokuwa ameshakisuuza kwa ajili ya mgeni. Alikishika muda mrefu kabla ya kukirudisha kabatini.

*

Kesho yake alipanda kwenda kwa Balozi. Lifti ilikuwa na idara yake na idara ilikuwa kwenye semina, hivyo alipanda ngazi. Kila ghorofa alikuta safu za viti, na kila kiti koti. "Habari za kazi," alisema kwa mazoea alipopita mlangoni pa Ufuatiliaji. Akasikia sauti yake ikimrudia kutoka ukutani, akanyamaza mpaka juu.

Bahati ilikuwa yake. Balozi alikuwepo mwenyewe na mwili wake, maana alikuwa amefuata miwani.

"Mheshimiwa, naomba nipewe wasomaji wawili. Hata vibarua."

"Dakta Sikudhani!" Balozi alinyanyua mikono. "Taifa hili haliwezi kuruka kwa bawa moja. Sayansi ni mhimili, ni chachu, ni dira, na kama nilivyosema Geneva, ni ufunguo. Lakini wasomaji unao." Akabonyeza kompyuta yake. "Hawa hapa. Watatu. Na kusema kweli mwenye dosari ni wewe. Umechelewa mara kadhaa, umeugua malaria. Dakta Mwinyikai hana doa. Profesa Ngatunga ndiye mfano wa kuigwa, hajachelewa hata siku moja tangu..."

"Tangu afariki," alisema Sikudhani.

"Tangu hapo ameimarika sana."

"Nilimzika mimi, mheshimiwa. Nilitupa udongo kwa mkono huu."

Balozi alivua miwani yake, akaifuta kwa huruma. "Poleni. Msiba ni msiba. Ila tusichanganye mambo ya msiba na mahudhurio. Koti lipo?"

"Lipo."

"Basi, mama. Nenda mkachape kazi."

Sikudhani aliteremka machozi yakimlenga. Alipofika katikati ya ngazi alisimama ghafla, akashika ukuta. Kwa mshahara, kwa posho, na kwa akidi. Kama Ngatunga alikuwepo kwa ajili ya mshahara, ambao ulikwenda wapi hakuna kurugenzi iliyopewa jukumu la kuuliza, basi alikuwepo pia kwa ajili ya muhogo.

*

Asubuhi iliyofuata alipangusa meza, akatoa vikombe vitatu. Alimimina chai kwa wote, ya Mwinyikai akaitia sukari nyingi kama alivyopenda. Akafungua kikao.

"Ndugu wasomaji," alisema, "ombi la Mwalimu Chilewa wa Lukwengo. Mimi naliunga mkono. Kuna mwenye pingamizi?"

Makoti yalinyamaza. Jambo lilikuwa limekwisha. Alichotakiwa ni kusaini, agonge vifungo viwili kwenye wino, apeleke juu. Alichukua kalamu. Kalamu ikakataa kushuka.

Alikuwa amekaa na Ngatunga miaka mingi mno. Alijua kabisa mzee yule angesema nini, na kwa sauti gani, na kwamba kabla ya kusema angejikuna kiwiko pale palipotoboka. *Ehee, Sikudhani, umelainika siku hizi! Mashina yamepona, sawa. Amejuaje yamepona kwa uzao wa mbegu yenyewe, siyo kwa udongo? Ombi lenyewe linasema nyuma ya shule ndiko wanakomwaga majivu ya jikoni. Yako wapi mashina ya kawaida, yaliyopandwa pale pale, udongo ule ule, ya kulinganishia?*

"Hana nafasi, mzee," alisema Sikudhani kwa sauti. "Mbuzi..."

*Mbuzi hawamzuii kupanda mstari wa pili.*

"Watu wanapika pumba!"

*Ndiyo maana tusiwapelekee mbegu ya kubahatisha.*

Alimgeukia Mwinyikai amtetee, akakumbuka kwamba mambo ya udongo Mwinyikai siku zote alikuwa upande wa Ngatunga. Alibisha. Alipiga meza. Chai ikapoa, na mpiga brashi aliyekuja kusafisha makoti akachungulia mlangoni, akarudi taratibu. Mwisho Sikudhani aliweka kalamu chini. Alikuwa ameshindwa. Kwa hamu ya kutaka ombi lipite, hakuliona shimo ambalo marehemu aliliona.

Alicheka. Kicheko kikaanza vizuri, kikageuka kilio katikati ya njia, na hakukizuia. Kisha akakusanya vikombe vitatu, akaviosha kimoja kimoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuosha vikombe kwa haki.

Alimpigia simu Mwalimu Chilewa.

"Panda mihogo ya kawaida kandokando, udongo huo huo."

"Nani amesema, Dakta?"

"Mwenzangu mmoja hapa. Ana kichwa kigumu, lakini yuko sahihi."

"Mwambie nashukuru," alisema Mwalimu.

Jioni ombi lilipanda ghorofa ya tisa likiwa na saini moja na alama za vifungo viwili.

*

Mfuko ulikuwa umesahau utafiti unavyopitishwa, kwa hiyo furaha ilikuwa kubwa. Idara ya Keki ilioka keki ya umbo la muhogo, urefu wa meza ya mikutano. Kisha fedha zikaanza safari. Ziliondoka ghorofa ya tisa zikiwa nzima, zikashuka ngazi kwa ngazi. Kila ghorofa zilisimamishwa, zikasalimiwa, zikapunguzwa uzito: za kufuatilia, za kufuatilia ufuatiliaji, za itifaki, za pasi na brashi. Zilipofika Lukwengo zilitosha seng'enge ya pande tatu. Bomba la maji lilibaki kwenye keki.

Balozi alimwita Sikudhani. Alipofika alimkuta amesimama dirishani, amejiandaa kwa hotuba.

"Dakta, umelitumikia taifa kama mshumaa, sasa umri wa kustaafu umewadia. Pumzika. Ila kikao kile kilituonyesha jinsi chumba chako kinavyofanya kazi vizuri, na hatupendi kukivuruga. Tunaomba uache koti."

"Sina koti, mheshimiwa. Nina sweta. Alinifumia marehemu mama."

"Tumelipandisha cheo," alisema Balozi kwa upole.

Sikudhani alirudi chini, akalitundika sweta lake la kijani kwenye kiti chake, akalinyoosha mabega. Haikuwepo sherehe ya kuagana, kwa sababu kwa hesabu za Mfuko hakuna aliyeondoka. Getini mlinzi alichungulia ndani, akaona sweta kwa mbali, akaandika kwamba Dakta Sikudhani yupo ofisini. Dakta Sikudhani mwenyewe alipita mbele yake na mkoba, akamwambia kwaheri.

"Karibu," alijibu mlinzi bila kuinua macho.

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumuuliza umeshindaje. Alikaa kitandani mpaka giza likaingia. Kulipokucha alipanda basi la Lukwengo.

Mwalimu Chilewa alimpokea kwa mshangao. "Dakta! Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kukaa, kama pana nafasi."

Walizunguka nyuma ya shule. Seng'enge ilisimama vizuri pande tatu. Upande wa nne palikuwa na kiti cha darasani, na juu ya kiti koti la Mwalimu, mkono mmoja umetafunwa hadi begani.

"Nilisikia huko kwenu inafanya kazi," alisema Mwalimu, akijikuna kichwa. "Siku ya kwanza mbuzi walikuja wakalitazama. Beberu akalinusa, akala mkono, wakapita."

Katika Jamhuri nzima ya Tumeridhika, wanyama hao peke yao ndio walioukataa Waraka. Sikudhani aliliondoa koti, akapangusa kiti, akakaa. "Niletee fimbo," alisema.

Mwalimu alikwenda darasani, na kutoka siku hiyo alikuwa wa jioni tu, akija na taa na maneno mawili matatu kabla hajaelemewa na madaftari ya kusahihisha. Mchana ulikuwa wa Sikudhani peke yake. Saa nne alimimina chai kutoka kwenye chupa, kikombe kimoja. Asubuhi za Lukwengo zina baridi, na alilikumbuka sweta lake.

Miezi ikapita. Mihogo ya kawaida kandokando ilianza kupata michirizi ya kahawia, kisha ikaoza. Yale mashina mengine yaliendelea kunawiri, katika udongo ule ule. Kwa hiyo si majivu, ni uzao wa mbegu yenyewe. Swali la Ngatunga lilikuwa limejibiwa, na safari hii angeosha vikombe yeye, angenuna, angevigonga. Sikudhani alichimba muhogo mmoja, akaukata, akauona mweupe. Aligeuka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu.

Simu ikalia. Ilikuwa Idara ya Itifaki.

"Hongera, Dakta! Umechaguliwa mtumishi bora wa mwaka. Mahudhurio yako hayana doa."

Moyo ulimruka, na alijionea haya kwa jinsi ulivyoruka. "Sherehe ni lini? Naweza kuja kesho."

"Aa, usisumbuke, Dakta. Sherehe ni sasa hivi. Umeshakaa jukwaani, katikati ya Profesa Ngatunga na Dakta Mwinyikai. Mmependeza."

Sikudhani aliuweka muhogo chini. "Mmewawekea chai?"

"Ipo mezani, vikombe vitatu."

"Nani ataviosha?"

Afisa alicheka, akasema swali hilo ni la Idara ya Usafi. Nyuma yake makofi yalianza kupigwa, kisha simu ikakatika.

Upande wa nne, beberu alikuwa amesimama, masikio mbele, akipima kama kitini pana mtu au nguo. Sikudhani alishika fimbo, akainuka. Beberu alimtazama, akamwona, akageuka akaenda zake.